Kitafsiri Vushi: Dhana na Istilahi za Kuunda Zana za Programu kwa Kompyuta Zilizopachikwa

1. UTANGULIZI

Kati ya miji ya Ruiru na Thika, katika Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, upo mji wa Juja, na hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1981 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mpango wa serikali wa kuwapatia wanafunzi wa shule za msingi vifaa vya kidijitali ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, chuo hiki kilikuwa kimojawapo cha vyuo vikuu viwili, kingine kikiwa Chuo Kikuu cha Moi, vilivyoshirikiana na kampuni za kigeni katika kuunganisha vifaa hivyo. Kazi ya kuunganisha si ngeni katika eneo hili. Huko Thika kiwanda cha Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kilianzishwa mwaka 1974 ili kuunganisha magari kutokana na sehemu zilizoletwa kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, gari na kompyuta hutofautiana kwa jambo moja kubwa. Sehemu nyingi za gari zikivunjika, fundi hodari huweza kuzichonga nyingine. Kompyuta ina sehemu isiyoshikika kwa mkono, yaani programu, na sehemu hiyo haichongwi kwa tupa. Huweza kurekebishwa na yule tu mwenye msimbo wake, na ambaye zaidi ya hayo anazo zana za kuugeuza msimbo huo kuwa amri zinazofahamika na kichakataji cha kifaa chenyewe. Asiye na zana hizo, hata awe amekiunganisha kifaa kwa mikono yake mwenyewe, hana budi kumngojea mtengenezaji.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza jinsi zana hizo zinavyoundwa kwa ajili ya vifaa vidogo vinavyoendeshwa na mfumo wa Linux. Pili, yanachunguza istilahi zinazofaa kuifafanua kazi hiyo kwa Kiswahili. Madhumuni haya hayatengani. Itaonyeshwa kwamba makosa kadhaa ya kazi hii hutokana na majina, na kwamba taaluma ya tafsiri, ambayo idara za Kiswahili zimeifundisha kwa miaka mingi, tayari inazo dhana nyingi zinazohitajika.

2. KOMPYUTA ILIYOPACHIKWA NA MAHITAJI YAKE

Kompyuta iliyopachikwa ni ile iliyotiwa ndani ya kifaa kingine ili itende kazi maalumu, nayo aghalabu haina kibodi wala kioo chake. Mfano ulio karibu na wasomaji wengi ni king'amuzi cha televisheni, ambacho kiliingia katika nyumba nyingi za Kenya wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali, uhamiaji uliokamilishwa mwaka 2015. Mfano mwingine ni kisambaza-intaneti kinachowekwa ukutani ofisini. Vifaa vingi vya namna hii huendeshwa na Linux, mfumo ambao kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Neno king'amuzi lenyewe lastahili kuangaliwa. Limeundwa kutokana na kitenzi ng'amua kwa kutumia kiambishi ki- cha vifaa na kiishio -zi, na watu wa kawaida walilipokea bila kushurutishwa. Linaeleza kazi ya kifaa, wala halieleza umbo lake au asili ya jina lake katika lugha nyingine. Hiki ndicho kipimo kitakachotumiwa hapa.

Kisambaza-intaneti cha bei nafuu huweza kuwa na megabaiti 64 tu za kumbukumbu ya kazi, na megabaiti 8 au 16 za hifadhi ya kudumu. Programu inayotafsiri msimbo wa lugha ya C, kama vile GCC ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1987, haiwezi kuenea humo, licha ya kufanya kazi. Kuiunda pamoja na wenzake huhitaji gigabaiti kadhaa za nafasi. Zipo kompyuta ndogo zenye uwezo wa kujitafsiria zenyewe, kwa mfano Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, lakini hata hizo hufanya kazi hiyo polepole.

Kwa sababu hiyo tafsiri hufanywa kwenye kompyuta kubwa, na matokeo yake huhamishiwa kwenye kifaa. Mkulima wa kahawa hafanyi tofauti sana na hivi. Mche haukuzwi shambani tangu mwanzo. Hukuzwa kitaluni, penye kivuli na maji, ukahamishwa baadaye. Lakini mwenye kitalu hana budi kuujua udongo wa shamba ambako mche utapelekwa. Vivyo hivyo, programu inayotafsiri ikiwa kwenye kompyuta kubwa haina budi kukijua kichakataji cha kifaa ambacho haimo ndani yake.

3. KUKUSANYA AU KUTAFSIRI?

Kompaila ni programu inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu na kutoa amri za mashine. Jina lake la Kiingereza hutokana na kitenzi chenye maana ya kukusanya, na tafsiri ya neno kwa neno ingetoa kikusanyi. Jina hilo lilikuwa na haki yake hapo kale. Grace Hopper alipotengeneza programu yake ya A-0 huko Marekani mwaka 1952, kazi yake ilikuwa kweli kukusanya: ilichukua vijiprogramu vilivyokwisha kuandikwa kutoka kwenye maktaba na kuvipanga kwa utaratibu uliotakiwa. Baadaye kazi ilibadilika ikawa ni kufasiri lugha moja kwa nyingine, ilhali jina lilibaki lile lile. Kuchukua maana ya kukusanya leo ni kurithi historia ya lugha nyingine badala ya kueleza jambo lililopo.

Iwapo kazi ni kutafsiri, istilahi yafaa iwe kitafsiri. Huenda ikaulizwa: je, itakuwaje kuhusu ile aina nyingine ya programu, ambayo husoma msimbo sentensi kwa sentensi na kuutekeleza papo hapo? Jibu limo katika mitaala ya idara za Kiswahili. Tafsiri na ukalimani hufundishwa kama taaluma mbili zenye udugu. Mfasiri hufanya kazi mapema, hurudi nyuma na kusahihisha, na huacha matini inayosimama yenyewe wakati yeye hayupo. Mkalimani hufanya kazi papo kwa papo, na akiondoka mawasiliano hukoma. Tofauti hii ndiyo tofauti ya programu hizi mbili. Kompaila huacha faili inayoweza kuendeshwa bila yenyewe kuwapo. Ile nyingine haina budi kuwapo wakati wote. Basi ya kwanza ni kitafsiri na ya pili ni kikalimani, na mwanafunzi aliyesikia majina haya mawili ameshafahamu nusu ya somo.

Vilevile lugha chanzi na lugha lengwa, istilahi zilizozoeleka katika nadharia ya tafsiri, hutoa msimbo chanzi na mashine lengwa bila haja ya kubuni upya.

Linasalia tatizo la kitafsiri ambacho hufanya kazi kwenye mashine ya aina moja na kutoa amri kwa mashine ya aina nyingine. Kiingereza hutumia neno linaloweza kudokeza ama kuvuka ama kupandisha mbegu. Mtu akifuata maana ya pili atasema kitafsiri chotara au kitafsiri mseto, na atakuwa amepotoka. Ruiru 11, aina ya kahawa iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Ruiru na kutolewa kwa wakulima mwaka 1985, ni chotara kwa haki, kwani imetokana na wazazi wawili walio tofauti. Kitafsiri kinachozungumzwa hapa hakikuchanganywa na chochote. Ni kitafsiri kamili, ila matokeo yake huvushwa ng'ambo.

Kiswahili kina njia ya kawaida ya kulieleza jambo hili. Kutokana na kitenzi cha kutendesha jumuisha hupatikana kivumishi jumuishi. Kutokana na shirikisha, shirikishi. Kwa kanuni hiyo hiyo, vusha hutoa vushi. Kitafsiri vushi ni kitafsiri kinachovusha matokeo ya kazi yake kwenda kwenye mashine nyingine. Istilahi mtambuka, ambayo imeenea kwa mambo yanayogusa sekta nyingi, haifai sana hapa kwa kuwa hudokeza kupita katika mambo mengi kwa pamoja, ilhali kitafsiri hiki huelekea mahali pamoja tu.

Jina la zana zote kwa pamoja ni suala jingine. Mnyororo wa zana ni tafsiri ya moja kwa moja, na huleta fikra za kufungwa. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwamba zana hizi hupokezana kazi, tokeo la moja likiwa malighafi ya nyingine. Msururu wa zana hulieleza hilo kwa utulivu zaidi.

4. MASHINE TATU NA NENO MWENYEJI

Katika uundaji wa kitafsiri chochote huulizwa maswali matatu. Kitafsiri hiki kinajengwa kwenye mashine gani? Kikishajengwa kitaendeshwa kwenye mashine gani? Na kitatafsiria mashine gani? Mashine hizi huweza kuitwa mashine jenzi, mashine enyeji na mashine lengwa.

Ichukuliwe mfano wa kudhania. Fundi aliyeko Ruiru ana kompyuta yenye Linux. Anaunda kitafsiri kitakachotumiwa na mwenzake wa Thika kwenye kompyuta yenye Windows, na kitafsiri hicho kitatoa programu za kipima-joto kilichofungwa kwenye ghala la kahawa, chenye kichakataji cha jamii ya ARM. Kompyuta ya Ruiru ni mashine jenzi, ya Thika ni mashine enyeji, na kipima-joto ni mashine lengwa. Uundaji wa namna hii, ambamo mashine zote tatu hutofautiana, mafundi wa GNU waliuita wa Kikanada, kwa sababu nchi ya Kanada wakati huo ilikuwa na vyama vitatu vya kisiasa vya kitaifa. Katika hali ya kawaida, jenzi na enyeji huwa ni mashine moja.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Mwanafunzi hujifunza kwamba mashine enyeji ni ile kompyuta iliyo mbele yake. Kisha, akiisha kupata kitafsiri vushi, anataka kutafsiri programu ya kawaida, tuseme ya kuandika joto kwenye faili. Maagizo ya programu hiyo yanamtaka ataje mashine enyeji, naye anaitaja kompyuta yake. Kazi yote inakwenda bila malalamiko, na programu inayopatikana haiendi kwenye kifaa hata kidogo. Alipaswa kukitaja kifaa chenyewe, kwani programu ya kawaida haina mashine lengwa: haitafsiri kitu. Ina mahali ilipojengwa na mahali itakapoendeshwa, basi. Mwenyeji wake ni kifaa.

Kwa mwanaisimu jambo hili si geni. Maneno kama hapa, kule, mimi na wewe hayana kirejelewa cha kudumu. Maana yake hutegemea nani anasema na yuko wapi. Mwenyeji ni neno la namna hiyo. Hakuna mwenyeji pasipo mgeni, na mtu aliye mwenyeji nyumbani kwake huwa mgeni kwa jirani. Istilahi mashine enyeji isifundishwe kama jina la chombo, bali kama jibu la swali: enyeji wa programu gani? Mnyambuliko wa Kiswahili husaidia kuyatenga maswali yale matatu bila kuazima chochote, yaani inapojengwa, itakapoendeshwa, na itakayoitafsiria. Kiambishi cha kutendea katika kitenzi cha mwisho hubeba hasa kile ambacho majina matupu hukificha.

Mashine lengwa hutajwa kwa jina la vipande, mathalani arm-linux-gnueabihf. Jina hili lachanganulika kama neno ambatani. Kipande cha kwanza hutaja jamii ya kichakataji. Cha pili hutaja mfumo endeshi. Cha tatu huunganisha maktaba ya GNU, mapatano ya jinsi vipande vya programu vinavyoitana, na herufi hf zinazoonyesha kwamba namba zenye desimali hupitishwa katika sehemu maalumu za kichakataji. Herufi hizo mbili za mwisho si pambo. Zikiondolewa, programu hufuata mapatano mengine, nayo haitaweza kuungana na maktaba zilizotafsiriwa kwa mapatano ya hf.

5. HATUA ZA KUUNDA MSURURU

Uundaji wa msururu wa zana una tatizo la yai na kuku. Kitafsiri kamili huhitaji maktaba ya C ya mashine lengwa, kwa kuwa baadhi ya sehemu zake huitegemea. Maktaba hiyo nayo imeandikwa kwa lugha ya C, hivyo haiwezi kupatikana bila kitafsiri. Tatizo hutatuliwa kwa kuunda kitafsiri mara mbili. Hatua zenyewe ni hizi:

(a) Huundwa kwanza zana za chini zinazojulikana kama binutils. Kuu miongoni mwake ni asembla, ambayo hugeuza amri za kimaandishi kuwa za kitarakimu, na linka, ambayo hufunga vipande vya programu pamoja. Kuiita linka kiunganishi kungeleta utata, kwani sarufi imekwisha kulichukua neno hilo.

(b) Huchukuliwa matamko ya kiini cha Linux. Haya si kiini chenyewe, bali ni maelezo ya huduma ambazo programu yaweza kuziomba kwa kiini.

(c) Huundwa kitafsiri cha awali. Hiki ni kipungufu kwa makusudi: hakijui maktaba yoyote, na hutosha kwa kazi moja tu inayofuata.

(d) Kwa kitafsiri hicho cha awali hutafsiriwa maktaba ya C. Zipo kadhaa za kuchagua. Ile ya GNU ni kubwa na imekamilika. Musl, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, ni ndogo na yafaa kwa vifaa vyenye hifadhi finyu.

(e) Maktaba ikiwa tayari, kitafsiri huundwa upya kikiwa kamili, na kile cha awali huachwa.

Zipo programu ambazo huzitekeleza hatua hizi zenyewe, zikiwamo crosstool-NG, Buildroot na zile za mradi wa Yocto. Ni za manufaa makubwa, na hakuna haja ya fundi kurudia kwa mkono kazi iliyokwisha kurahisishwa. Lakini zote huanza kwa kuuliza maswali: kichakataji gani, mapatano gani, maktaba gani, toleo gani la matamko ya kiini. Mtu asiyezielewa istilahi hujibu kwa kubahatisha, na chombo humtii.

6. MAKOSA YA KIMYA

Makosa ya kazi hii ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hujitangaza. Linka ikipewa maktaba ya kompyuta kubwa badala ya ile ya kifaa, hukataa na kusema kwamba aina hazilingani. Vilevile programu iliyofungwa na toleo jipya la maktaba ya GNU, ikipelekwa kwenye kifaa chenye toleo la zamani, huweza kukataa kuanza na kutaja toleo inalolihitaji.

Aina ya pili hukaa kimya, nayo ndiyo ya hatari. Kitafsiri vushi hutakiwa kusoma matamko ya mashine lengwa peke yake, yaliyowekwa katika saraka iliyotengwa. Kikiachiwa kusoma matamko ya kompyuta ambayo kimo, maneno huwa yale yale ila maana zake ni nyingine. Aina ya namba iitwayo long huchukua baiti 8 katika Linux ya kompyuta nyingi za mezani, na baiti 4 katika Linux ya vichakataji vya ARM vya biti 32. Kipimo kilichokokotolewa kwa mashine ya kwanza na kupachikwa katika programu ya pili hakileti ujumbe wowote wa kosa. Huleta jibu baya.

Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kosa la jinsi hii. Mgeni akiambiwa aje saa mbili asubuhi, naye akahesabu kuanzia usiku wa manane kama alivyozoea kwao, ataelewa kila neno na hatafika kwa wakati. Hakuna sauti iliyosikika vibaya wala kanuni ya sarufi iliyovunjwa. Kilichokosewa ni mwanzo wa kuhesabu.

Kwa hiyo, kila matokeo hayana budi kupimwa mara mbili: kwanza kwenye kompyuta kubwa, kwa kuamuru faili itajwe aina yake na kuthibitisha kwamba ni ya mashine lengwa, kisha kwenye kifaa chenyewe, kwa programu fupi inayotoa jibu lililokwisha kujulikana.

7. HITIMISHO

Kiini cha Linux kimetolewa chini ya leseni ya GNU tangu mwaka 1992. Toleo la pili la leseni hiyo linamtaka anayesambaza programu kwa umbo la amri za mashine awezeshe pia kupatikana kwa msimbo chanzi wake, pamoja na maandishi yanayoongoza tafsiri na usakinishaji. Kwa hiyo mnunuzi wa kifaa chenye Linux huko Ruiru au Thika ana haki ya kuudai msimbo wa kiini chake. Lakini haki ya kupewa matini haina faida kubwa kwa mtu asiye na kitafsiri chake. Anayeweza kuunda msururu wa zana ndiye anayeweza kuziba ufa wa usalama katika kifaa ambacho mtengenezaji amekwisha kukisahau. Asiyeweza atakitupa na kununua kingine.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo haitoshi iwapo Kiswahili kitaitwa katika karakana kwa ajili ya maamkizi tu, kisha kazi ikianza kiombwe kitoke nje. Wala haitasaidia kukipa orodha ndefu za maneno yaliyogeuzwa moja moja na watu ambao hawakuitazama kazi yenyewe. Historia ya majina ya kompyuta yatoa onyo: ngamizi lilipendekezwa likaachwa, tarakilishi likakubalika zaidi Kenya kuliko kwingineko, na kompyuta likaendelea kutawala vinywani mwa watu.

Istilahi zilizojadiliwa hapa, yaani kitafsiri, kikalimani, kitafsiri vushi, msururu wa zana, na mashine jenzi, enyeji na lengwa, zatolewa ili zijaribiwe. Mahali pa kuzijaribia si kamusini. Ni mbele ya wanafunzi wawili wanaounda msururu mmoja, mmoja akimweleza mwenzake kwa Kiswahili ni mashine ipi aitaje. Iwapo kifaa kitaendesha programu yao, istilahi zimefaa. Iwapo watalazimika kuhamia lugha nyingine ili waelewane, zirudishwe zikafanyiwe kazi zaidi.